Kifurushi cha Askari wa Keya

Mpenzi msomaji, najua utacheka. Wenzangu wa Kidato cha Tatu wakiulizwa hupenda kufanya nini wakati wa likizo, wengine husema kandanda, wengine riwaya, na kuna mmoja (sitamtaja, yumo katika chama hiki hiki) aliyesema kulala. Mimi hukusanya masanduku ya huduma ya kwanza ya wanajeshi wa zamani. Ndiyo maana nimepachikwa jina Daktari Skrapu. Sikasiriki.

Nilianza nikiwa darasa la saba. Pale Kware, hapa hapa Ongata Rongai, kuna muuza vyuma kuukuu anayepima kila kitu kwa kilo, iwe sufuria au mlango wa matatu. Siku moja niliona chini ya rundo la mabati kisanduku cha kijani, msalaba mwekundu umebanduka nusu, na kwenye kifuniko pamegongwa alama ya mshale. Kwa alama hiyo Waingereza walitambulisha mali ya serikali yao. Ndani hamkuwa na kitu ila pini mbili zenye kutu na mende. Nikalipa shilingi 80, nauli yangu ya siku mbili, nikaenda shule kwa miguu. Mama alipojua, wacha tu!

Sasa ninayo masanduku manne. Lakini kitu bora kuliko yote sikukinunua. Nilipewa na nyanya. Baba yake alikuwa askari wa Keya, yaani King's African Rifles. Alikwenda vitani na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopelekwa Ceylon mwaka 1943 na Bama mwaka 1944. Walipita bonde la Kabaw katika mvua na matope, wakiwasukuma Wajapani hadi mto Chindwin. Malaria ilikuwa adui wa pili. Askari walimezeshwa tembe za mepakrini, na wengi ngozi zao zikageuka manjano.

Kila askari alibeba pia kifurushi cha kitambaa cha kaki, kidogo, cha kutosha kiganjani. Ndani mna bendeji mbili. Kwa nini mbili? Moja ni ya mahali risasi inapoingilia, nyingine ya mahali inapotokea. Nilipojua hivyo mara ya kwanza nilikosa la kusema.

Babu mkuu alirudi nacho bila kukifungua. Kwa nyanya, ule mshono mzima ulikuwa ushahidi kwamba risasi haikumpata baba yake. Alinikabidhi akaniambia, "Mjukuu wangu, usikichezee."

Basi Jumamosi moja mwezi wa nane, mwendesha boda boda aliteleza kwenye kokoto mbele ya ploti yetu. Alikuwa amembeba mtoto wa jirani, msichana wa darasa la nne. Mguu ulipasuka chini ya goti na damu ikawa inatiririka. Watu wakaanza kuniita: "Daktari Skrapu! Leta sanduku!"

Nilikimbia ndani nikafungua la kwanza. Tupu. La pili, pini. La tatu na la nne, vumbi. Miaka yote hiyo nilikuwa nimekusanya mabati! Kilichobaki ni kile kifurushi. Na hapa nitasema ukweli hata kama ni aibu: nilisita. Labda ni hesabu ya kumi tu. Niliwaza kwamba kikiwa kimefungwa kina thamani, kikifunguliwa ni kitambaa. Huko nje mtoto analia.

Nikakirarua.

Nje nilimkuta mama mmoja ameshaleta mafuta ya taa, mwingine majani ya chai, ati wapake. Nikawaomba wangoje. Nikaweka bendeji juu ya kidonda, nikabana kwa nguvu zangu zote mpaka tukafika kliniki.

Muuguzi aliitazama ile bendeji. "Kijana, hii umeitoa wapi?" Nilipomweleza alicheka, kisha uso ukabadilika. Aliniambia kitu cha zaidi ya miaka 80 hakiwezi kuaminiwa kwa usafi. Ningechukua leso safi nikabana vilevile. Kubana ndiko kulikosaidia. Msomaji, leso ya mama, iliyofuliwa asubuhi hiyo, ilikuwa kwenye kamba hatua tatu kutoka nilipokuwa nimesimama.

Mtoto alishonwa nyuzi saba. Sasa anaruka kamba kama kawaida.

Kwenda kwa nyanya, Machakos, ndiko kulikoniwia vigumu. Nilimweleza yote, hata ile hesabu ya kumi. Alinyamaza akamimina chai. Mwishowe akauliza, "Ndani mlikuwa na nini?" Kumbe maisha yake yote hakuwahi kujua! Nikamwekea bendeji ya pili mapajani. Aliigeuza, akainusa, akaipapasa kwa kidole gumba.

"Na ile nyingine?"

"Muuguzi aliitupa, nyanya."

"Ilikuwa na damu?"

"Nyingi."

Akatikisa kichwa, akaikunja ile iliyobaki vizuri kuliko ninavyojua mimi kukunja, akanirudishia.

Kisanduku cha kijani sasa kina pamba, glavu, mkasi na bendeji mpya za duka la dawa, na kinakaa karibu na mlango. Yale mengine matatu bado ni mabati. Muuza vyuma ameniwekea la tano. Anataka shilingi 200, mimi nasema 120, na bado tunabishana.