Ofa za Ijumaa London Zilivyomtokea Puani Mshkaji wa Mbagala

Kuna picha moja watu wa Mbagala waliiona sana kwenye status. Glasi ndefu ya bia, meza ya mbao nyeusi, nyuma yake kioo cha rangi rangi na sehemu ya kuotea moto. Chini kaandika maneno mawili tu: "Ijumaa hiyo." Washkaji wakashusha emoji za moto, mmoja akaandika, "Mwana unakula bata, usitusahau." Mdogo wake wa kike, ambaye yuko mwaka wa pili chuo cha uuguzi, naye akaiona. Akacheka kwa emoji. Baada ya nusu saa akatuma ujumbe mwingine: "Kaka, usisahau ile ada."

Ambacho picha haikusema ni kwamba bia ile hakuinunua yeye.

Jamaa alikuwa na miezi miwili tu London. Alifikia kwa shangazi yake mashariki mwa jiji, akapata kazi kwenye ghala la mizigo, kushusha na kupakia maboksi. Kila Ijumaa zamu ikiisha saa kumi na moja jioni, watu wa timu yao walikuwa wanatembea kwa miguu mpaka pabu ya kona. Siku moja wakamwambia, twende. Pamoja na yeye wakawa wanane.

Siku ya kwanza alikaa mezani akasubiri mhudumu. Ndivyo alivyozoea. Grosari za kwao ukikaa tu, dada anakuja na kitambaa cha kufutia meza: "Karibu kaka, nikupe nini? Ya baridi au ya moto?" Hapa zikapita dakika kumi hakuna aliyemwangalia. Kumbe pabu ya Kiingereza unaenda mwenyewe kaunta, unaagiza, unalipa palepale, unabeba glasi zako. Hata chakula ni hivyo hivyo sehemu nyingi: unataja namba ya meza yako kaunta, unalipa, ndiyo kinaletwa. Foleni huioni kwa macho, watu wamesimama ubavu kwa ubavu, lakini kila mtu anajua nani kafika kabla yake. Ukipunga noti hewani kumwita mhudumu umeshajiharibia. Na kama una sura ya kitoto andaa kitambulisho. Sheria inasema miaka 18, ila sehemu nyingi wanamuuliza yeyote anayeonekana hajafika 25.

Bia yenyewe wanapima kwa painti, mililita 568, zaidi ya chupa kubwa ya kwetu. Wakampa ale ya kuvutwa kwa mkono kutoka kwenye pipa lililoko chini ya sakafu. Haina ubaridi wa barafu, inakaa kwenye nyuzi 12 hivi. Watu wengi wanawacheka Waingereza kwa bia hiyo. Yeye hakucheka. Baba yake mzazi miaka yote anaagiza ya moto, kwa hiyo alipoonja akajiona kama yuko kwao.

Sasa hapo ndipo tatizo lilipoanzia.

Mtu mmoja alisimama akauliza meza nzima, kila mtu anakunywa nini, akaenda kaunta akarudi na glasi za wote. Zilipoisha akasimama wa pili. Halafu wa tatu. Kila glasi ilipotua mbele yake, mshkaji alisema "asante sana bosi" kwa moyo mweupe kabisa. Kichwani mwake ile ilikuwa ofa. Na wadau mnajua ofa ya Bongo ilivyo. Mwenye hela siku hiyo ndiye mwenye meza. Kazi yako ni kunywa, kucheka utani wake na kumwita tajiri. Hakudai, na ukijifanya kurudisha palepale ataona unataka kushindana naye.

Ijumaa ya kwanza alikunywa tatu za watu. Ya pili, tatu tena. Ya tatu alikunywa nne, na krispi juu. Ndiyo siku aliyopiga ile picha.

Ijumaa ya nne hakuitwa.

Hakuna aliyemgombeza. Ndiyo ubaya wa wale watu, hawakwambii. Alitoka kubadilisha viatu akakuta wenzake wameshaondoka. Jumatatu yake kwenye mapumziko ya chai akawasikia wanacheka, na mmoja akafanya ishara ya mkono mfupi, unajitahidi kufika mfukoni lakini haufiki. Hakuhitaji mkalimani. Kwao wanaita mkono wa birika.

Ilimuuma kinoma. Tena siyo heshima peke yake. Pale ghalani zamu za ziada hazitangazwi ukutani. Msimamizi anauliza timu nani yuko tayari, na jina linalotajwa ndilo linalopata. Jina lake likaacha kutajwa. Na zamu za ziada ndizo zilizokuwa zinalipa ada ya mdogo wake.

Ijumaa ya tano akawafuata mwenyewe. Kwenye kadi alikuwa na pauni 60, karibu laki mbili za Kibongo, na zote zilikuwa na mwenyewe: ada, mwisho Jumatatu. Akajiambia nitanunua kidogo tu, nionekane.

Alipofika kaunta kichwa kikahama. Akafanya kama anavyofanya tajiri wa Mbagala mwisho wa mwezi. Hakuuliza nani anakunywa nini, hakuangalia nani glasi yake imeisha. Painti nane na pakiti tatu za krispi. Painti moja pauni sita na nusu. Mashine ikalia, pauni 58 zikaondoka. Akabeba trei mpaka mezani huku anatabasamu, akisubiri kelele za kumshangilia.

Hakuna aliyeshangilia. Wawili walikuwa wameshavaa makoti wanaaga. Mmoja alikuwa anaendesha gari, alishakunywa yake moja na hangegusa nyingine. Wengine glasi zao zilikuwa bado zimejaa. Wakasema asante kwa upole, ule upole wa mtu ambaye hajui aangalie wapi. Painti tatu zikabaki katikati ya meza mpaka povu likaisha. Zaidi ya shilingi elfu 60 zimekaa pale, hakuna wa kuzinywa. Simu ikatetemeka: "Kaka, umeshatuma?" Akaigeuza ikalala kifudifudi.

Jumamosi alikuwa na zamu. Ghalani pale kuna mama mmoja wa Mombasa anafanya usafi, yuko London zaidi ya miaka 20, na ndiye mtu pekee anayemwamkia kwa Kiswahili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona uso umeanguka hivyo?"

Akamweleza yote. Mama akacheka mpaka akakaa juu ya boksi. Kisha akaacha kucheka.

"Mwanangu, ile si ofa. Ule ni upatu."

Akamfafanulia taratibu. Mezani hakuna tajiri. Kila mmoja ana zamu yake ya kununua, wa kwanza leo anaweza kuwa wa mwisho wiki ijayo, na hakuna daftari, lakini kila mtu anakumbuka. "Sasa wewe umepokea mara kumi, zamu yako ikifika wajikausha. Kwenye upatu mtu kama huyo mwamuitaje? Halafu jana ukaja kumwaga hela kama bwana harusi. Hapo hukulipa deni. Uliwaonyesha kuwa bado hujajua mchezo wenyewe."

Jamaa hakujibu. Mama yake mzazi anacheza mchezo na kina mama wa mtaa wao, elfu kumi kila wiki. Amemwona kwa macho yake akilala na chai kavu ili kesho yake hela ya mchezo isipungue. Yule mama hajawahi kukimbia zamu hata siku moja. Na mwanawe kaja kukimbia ya watu London, bila kujua kama anakimbia.

Wenyewe Waingereza mtindo huu uliwahi kuwashinda. Mwaka 1915, katikati ya Vita ya Kwanza ya Dunia, serikali ilipiga marufuku watu wa London kununuliana vinywaji. Sababu inaeleweka ukifikiria kidogo: ukikaa meza ya watu wanane na kila mtu ana zamu, ili mzunguko utimie lazima kila mmoja anywe nane, awe anataka au hataki. Serikali ilitaka wafanyakazi wa viwanda vya silaha waamke asubuhi na akili zao. Vita ikaisha, marufuku ikaondoka, raundi zikarudi na zipo mpaka leo.

"Na nani kakwambia lazima uingie?" mama akamuuliza. "Ukikaa tu, kabla mtu hajasimama, sema leo nanunua yangu mwenyewe. Basi. Mimi miaka yote nanunua soda yangu, hakuna aliyenichukia. Wanamchukia aliye ndani ya mchezo na hachangi."

Jumapili akamchukua wakale chakula cha mchana The George, pabu ya zamani iko Southwark, hatua chache kutoka London Bridge. Ilijengwa upya baada ya moto wa mwaka 1676, na mpaka leo ina roshani za mbao zinazotazama ua ambao zamani magari ya farasi yalikuwa yanaingia na wasafiri. Vyumba vya ndani vidogo, dari fupi, mbao zimepinda kwa uzee. Ukiingia unainamisha kichwa kama unaingia kwa bibi.

Sahani ya Jumapili ikaja: vipande vya nyama ya ng'ombe ya kuchoma kwenye oveni, viazi vilivyokauka nje na laini ndani, karoti, mchuzi mzito, na juu yake kitu kimefura kama bakuli la mkate. Wanakiita Yorkshire pudding. Alikisukuma pembeni akijua ni kitamu cha mwisho, mama akamrudishia: hakina sukari, kimetengenezwa kwa unga, mayai na maziwa, kazi yake ni kubeba mchuzi. Akala kimya, akafuta sahani.

Aliposhika kadi iliyobakiwa na pauni mbili, mama akamzuia mkono.

"Hii ndiyo ofa," akasema. "Hii usirudishe."

Akatoka uani akampigia mdogo wake. Angeweza kusema mtandao wa kutumia hela unasumbua, uongo huo kila mtu anaujua na kila mtu anaukubali. Akasema ukweli. Upande wa pili kukawa kimya muda mrefu.

"Kwa hiyo ada yangu imenywewa na Wazungu?"

"Na nyingine imemwagwa."

Hakucheka. Alikata simu. Usiku akaandika kwamba mama kaenda kuongea na kina mama wa mchezo, mmoja kakubali kubadilishana naye zamu, ada italipwa asubuhi. Maana yake ile hela ambayo mama alikuwa anaingoja mwezi wa tatu kwa ajili ya mabati ya jikoni imeondoka. Mvua zikija jikoni patavuja, na jamaa anajua kabisa patavuja kwa ajili ya painti tatu zilizopotea povu. Tangu siku hiyo ile elfu kumi ya kila wiki anaituma yeye, na haijachelewa.

Ijumaa iliyofuata alikwenda tena pabu. Hakuitwa, alikwenda tu. Kabla hajakaa akasema, leo nanunua yangu mwenyewe. Mmoja akaitikia kwa kichwa, mwingine akasogeza kiti kumpa nafasi. Ikawa imeisha. Stori yote aliyokuwa anaiogopa wiki nzima ilichukua sekunde tatu. Akaenda kaunta akanunua nusu painti, akainywa polepole saa nzima. Yule yule wa ishara ya mkono mfupi akapasua pakiti ya krispi mpaka ikalala wazi kama sahani, akaisogeza katikati ya meza ambapo kila mkono unafika, na wa kwake pia.

Baada ya mshahara aliingia raundi ya watu watatu tu. Akaanza yeye kununua. Wiki mbili mbele jina lake likatajwa kwenye zamu za ziada.

Juzi kaweka picha nyingine kwenye status, glasi ndogo kwenye meza ile ile nyeusi. Washkaji wa Mbagala wameshusha moto kama kawaida. Mdogo wake kauliza swali moja tu.

"Nani kanunua?"

"Mimi. Nusu."

Safari hii akatuma emoji ya kucheka, na hakukumbushia ada.