Mzee wa Igogwe na Mashine za Mionzi

Yako maradhi ambayo mwanamume mtu mzima humweleza mkewe tu, na pengine hata mkewe hamwambii. Saratani ya tezi dume ni mojawapo. Tezi hiyo imekaa chini ya kibofu cha mkojo, mbele ya utumbo wa haja kubwa. Kwa hiyo tiba yake haina budi kupita jirani na viungo ambavyo adabu haituruhusu kuvitaja barazani.

Baba yangu mkubwa ni mkulima wa chai na migomba huko Igogwe, wilayani Rungwe. Alipoambiwa kwamba ugonjwa wake haujaenea, na kwamba akatibiwe kwa mionzi katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, wanawe walianza kubishana juu ya mashine. Mmoja alisikia kwamba ile ya kobalti huunguza. Mwingine alisema zile za LINAC hazina madhara kabisa. Kila mmoja alikuwa na nusu tu ya ukweli.

Mashine ya kobalti, iliyoanza kutibu wagonjwa nchini Kanada mwaka 1951, hubeba ndani yake kobalti itoayo mionzi wakati wote. Nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya miaka mitano na ushei. Kadiri inavyochakaa ndivyo mgonjwa anavyolala chini yake dakika nyingi zaidi. Sifa yake ni kwamba haihitaji umeme mwingi. LINAC hutengeneza mionzi kwa umeme, na umeme ukizimwa mionzi hukoma. Mionzi yake huzama zaidi mwilini, nayo huweza kuchongwa ifuate umbo la tezi, ili kibofu na utumbo vipate kidogo. Ocean Road, ambako Wajerumani walifungua hospitali mwaka 1897, ilianza kutumia LINAC mwaka 2018.

Hata hivyo, hakuna mashine isiyogusa viungo vya jirani. Katika majuma ya tiba mgonjwa huweza kukojoa mara kwa mara, hasa usiku, tena kwa maumivu. Huweza kuharisha na kuchoka. Aghalabu hayo hutulia majuma machache baada ya tiba. Yapo yanayochelewa miezi au miaka: damu katika haja kubwa, na kupungua kwa nguvu za kiume. Mashine bora hupunguza madhara, wala haiyafuti.

Sasa tafakari. Baba mkubwa angefikia kwa mwanawe, katika vyumba viwili vya kupanga vyenye choo kimoja. Kwa mila za Kinyakyusa, mkaza mwana humwepuka baba mkwe wake. Hata kukutana naye mlangoni ni aibu. Mzee aamkaye mara sita usiku atapitaje? Kwa sababu hiyo alisema afadhali afie Igogwe. Mashine hakuwa na neno nazo. Kilichomkwaza ni mlango wa choo.

Kwa muda mrefu tiba hii ilichukua majuma saba au manane, siku tano kwa juma. Mwaka 2016 utafiti wa Uingereza uitwao CHHiP ulionyesha kwamba dozi 20 katika majuma manne huweza kutibu sawa na dozi 37, mradi mashine ilenge kwa usahihi mkubwa. Kwa mtu atokaye zaidi ya kilomita 800, majuma hayo ni jambo zito kuliko jina la mashine.

Ukoo ulikaa kikao, ukachanga fedha, ukampangia mzee chumba chake, na mdogo wake wa kiume akaandamana naye. Mkojo ulimsumbua kama alivyoonywa, lakini tiba aliimaliza.

Basi, umpelekapo mzee wako, muulize daktari: Je, mionzi ndiyo tiba imfaayo, au upasuaji, au dawa za homoni? Dozi ngapi, kwa majuma mangapi? Kibofu na utumbo vitakingwaje? Madhara yakija, arudi kwa nani? Kisha uliza nyumbani: atalala wapi, na choo ki wapi? Na wajukuu waambie wasimwogope, kwani mionzi ya mashine hizi haibaki mwilini. Na wampakate babu yao kama zamani.