Kwenda Kuona kwa Wakwe: Siku Mbili Kisarawe na Kibaha



Tukisema tunavuka kwenda Bara kutembea, watu hutarajia Bagamoyo, au Kariakoo kwa ajili ya vitambaa. Safari hii tulipotaja Kisarawe na Kibaha, jirani mmoja alituuliza, "Huko kuna nini?" Tukamjibu kuna wakwe.

Mdogo wetu wa mwisho ameposwa na kijana wa Kizaramo, kwao Kisarawe. Bibi harusi haendi kwa wakwe kabla ya ndoa, kwa hiyo tulikwenda sisi dada zake watatu, na kaka yetu mkubwa akatusindikiza. Mama alitutuma mambo mawili. Tukaone watu wanaishi vipi na wanakula nini, kisha tukaulize habari ya ngoma. Hili la pili ndilo lililomkosesha usingizi. Alikuwa amesikia kuwa bibi wa yule kijana anataka mke wa mjukuu wake achezwe kwanza, na yeye akaapa kuwa mwanawe hachezwi na mtu.

Kisarawe si mbali, ni kama kilomita 30 tu kutoka katikati ya Dar es Salaam. Unapita Gongo la Mboto, unapita Pugu, pale Mwalimu Nyerere alipokuwa akisomesha hadi alipoacha ualimu mwaka 1955 kwa ajili ya TANU. Baada ya hapo barabara inapanda na hewa inabadilika. Msitu wa Pugu na wa Kazimzumbwi ni mabaki ya misitu ya zamani ya pwani, na mtu aliyetoka kwenye joto la mji anausikia ubaridi wake kwenye dirisha la gari. Humo pia yapo mapango yaliyochimbwa na watu kutafuta kaolini, ule udongo mweupe wa kutengenezea vyombo. Siku hizi wanaishi popo, na jioni hutoka kwa makundi. Kaka aliingia. Sisi tulibaki nje na mabuibui yetu, na hatuna majuto.

Jambo lililotugusa zaidi ni Minaki. Skuli ile ya Kisarawe asili yake ni kwetu! Wamisionari wa Kiingereza wa UMCA walikuwa na chuo Kiungani, Unguja, walichokianzisha kwa vijana waliookolewa kutoka kwenye majahazi ya watumwa. Mwaka 1925 chuo hicho kikahamishiwa Minaki. Tulipita tu nje, lakini ndani ya gari pakawa kimya kidogo. Tulikuwa tumekuja tukijiona wageni, kumbe njia ya Unguja na Kisarawe ilikwishapitwa zamani, na watu ambao wengine hawakuichagua.

Nyumbani kwa wakwe tulifika saa nne. Mavyaa mtarajiwa alitupokea kwa vikombe vya chai na korosho za moto. Ulikuwa mwezi wa Novemba, msimu wa mikorosho, na uani wanawake walikuwa wakibangua. Sisi korosho tunazijua kwenye pakiti. Hatukujua kuwa ganda lake lina mafuta makali yanayochoma ngozi. Wanazikaanga nje, mbali na nyumba, kwa sababu moshi wake nao unawasha macho, kisha wanapaka majivu mikononi ndipo waanze kugonga moja moja. Tuliangalia vidole vya wifi mmoja, vina alama nyeusi kama za hina iliyokataa kutoka. Tangu siku hiyo hatujanung'unikia tena bei ya korosho. Na mkila mabibo, dada zetu, vaeni kanga kuukuu. Maji yake yakikauka kwenye nguo, ndiyo yamekaa humo maisha.

Mchana, baada ya kuswali adhuhuri, kililetwa chakula: ugali wa muhogo, kisamvu cha nazi, na samaki wa kukaanga. Ugali huu wengine huuita bada. Unatokana na makopa, yaani muhogo uliomenywa, ukaanikwa ukakauka na kutwangwa. Muhogo mchungu hulowekwa kwanza siku kadhaa, kwa sababu una sumu, na asiyejua kuutengeneza asijaribu. Rangi yake si nyeupe ya sembe, unavutika, na mkono usiouzoea unahangaika. Mkubwa wetu alimaliza tonge tatu akaomba wali kwa macho. Sisi wawili tuliobaki tulikula tukaongeza.

Lakini kisamvu! Kwetu pia tunapika, ila tuseme ukweli, siku hizi tunasaga kwa blenda. Bibi wa kijana, mwanamke mwembamba wa miaka themanini na kitu, aliposikia neno blenda alicheka mpaka akashika ubavu. Yeye anatwanga kwenye kinu pamoja na vitunguu saumu, anachemsha sufuria ikiwa wazi mpaka ile harufu ya ubichi iishe kabisa, anatia tui la pili na kuliacha liive taratibu. Tui zito linaingia mwisho, moto ukiwa umepunguzwa, na mwiko hautoki sufuriani lisije likakatika. Hakuna kitu kingine cha kuongeza ladha. Majani ya muhogo yana sumu ileile ya mizizi, alituambia, ndiyo maana mwenye haraka asipike kisamvu.

Basi tukiwa tumeshiba, tukauliza. Aliyeuliza ni mkubwa wetu, kwa adabu na kwa kuzunguka sana. Bibi akamkata: "Mnaogopa nitamfanya nini mtoto wenu?"

Alitueleza ya zamani bila kuficha. Kwa Wazaramo binti akivunja ungo aliwekwa ndani, wengine kwa miezi mingi, hata zaidi ya mwaka. Kungwi alimfunza usafi wake, heshima kwa wakubwa, na namna ya kuishi na mume. Siku ya mkole wanawake walimpeleka chini ya mti wenye jina hilo wakamfunza kwa nyimbo. Mwali alipewa pia mwana hiti, kisanamu cha mti kisicho mikono wala miguu, kina nywele kichwani, akikiogesha na kukipaka mafuta kama anavyolea mtoto. Vingi leo vimo ndani ya vioo vya makumbusho Ulaya na Marekani. Marja-Liisa Swantz, mtafiti kutoka Ufini aliyeishi na Wazaramo wa Bunju, aliandika kitabu kizima juu ya mila hizi, kikatoka mwaka 1970. Bibi hakijui kitabu hicho. Anachokijua ni kuwa cha nyumbani kwao kilikuwa cha ukoo, mwali akitoka kinarudishwa, mpaka siku kikaenda na hakikurudi.

"Na dini, bibi?" tukauliza.

"Mimi naswali tangu ninyi hamjazaliwa," akasema. "Kisanamu sikitaki. Nataka kukaa na mke wa mjukuu wangu, nimwambie niliyoambiwa. Na wanawake waimbe."

Hapo sisi wenyewe tulitofautiana, na usiku tulijadiliana hadi taa zikazimwa. Mmoja wetu alisema hata nyimbo zenyewe zina maneno ambayo mtoto wa Kiislamu hapaswi kuyasikia. Wawili tulisema, na bado tunasema, kwamba kinachogongana na dini kinajulikana na kinaachwa: sanamu, kuomba mizimu, kumtoa binti hadharani. Lakini mwanamke mzee kumfunza msichana tohara, kujisitiri na haki za ndoa, hilo somo wetu wa Unguja analifanya kila siku huku anamsinga bibi harusi, na hatuliiti ushirikina. Na tusijifanye hatuna unyago. Nani asiyemkumbuka Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, na ngoma yake ya unyago? Mama yetu anazijua nyimbo zile. Tumewahi kumsikia jikoni.

Ila neno la mwisho halikuwa la bibi. Wazaramo wanahesabu ukoo upande wa mama, kwa hiyo mjomba ana sauti kubwa kwenye ndoa ya mpwa wake, na mjomba anaishi Kibaha. Siku ya pili tukaenda.

Kibaha ni makao makuu ya Mkoa wa Pwani, kando ya barabara ya Morogoro. Mtu akitafuta magofu hatayaona. Historia yake ni ya juzi, na kwa maoni yetu inastahili kutembelewa zaidi kuliko inavyotembelewa. Mjomba, mzee wa kofia na bakora, alitupitisha kwa fahari Shirika la Elimu Kibaha, ambako alisoma. Mradi ule ulitokana na mkataba wa mwaka 1963 baina ya Tanganyika na nchi za Denmark, Norway, Sweden na Ufini, wakajenga mahali pamoja skuli, kituo cha afya cha Tumbi, na mafunzo ya wakulima. Tarehe 10 Januari 1970 ukakabidhiwa kwa serikali ya Tanzania. Tulihesabu kimoyomoyo: mkataba ulipotiwa saini, Mapinduzi yetu yalikuwa bado.

Chakula cha Kibaha kilikuwa wali wa nazi na kambale wa mto Ruvu. Kambale yule alikaushwa kwa moshi kwanza, kisha akapikwa kwa tui na ndimu. Mkubwa wetu alikula kwa furaha ya mtu aliyerudi kwao.

Mjomba alisikiliza pande zote, akanywa maji, akauliza maswali mawili tu: mwali atawekwa ndani wapi, na somo wake ni nani. Kisha akasema bibi harusi akae kwao Unguja siku saba kama ilivyo desturi yetu, na bibi avuke bahari akae naye siku tatu za mwisho, pamoja na somo. Waimbe wanawake watupu, mlango umefungwa, na nyimbo zipitiwe kwanza na mama wa pande zote mbili.

Tulimpigia Mama palepale. Alinyamaza muda mrefu, mpaka tukadhani salio limekwisha. Kisha akauliza, "Huyo bibi anakula nini?"

Harusi ni baada ya Idi, inshaallah. Bibi hajawahi kupanda boti maisha yake. Juzi alitupigia kwa simu ya mjukuu, tukadhani anaogopa mawimbi. Alitaka kujua kama boti inaruhusu kinu, kwa sababu kisamvu cha blenda yeye hali. Tumeulizia gatini. Kinu kinalipiwa kama mzigo.