Wakazi Wasioonekana wa Ziwa

Kwa miaka mingi nilifundisha biolojia katika shule ya sekondari kando ya Ziwa Victoria, upande wa Mwanza, na katika miaka hiyo yote neno "virusi" lilikuwa na maana moja tu vinywani mwa wanafunzi wangu: ugonjwa. Siwalaumu. Vitabu tulivyokuwa navyo vilitaja surua, polio, kichaa cha mbwa na UKIMWI; kisha, katika aya fupi ambayo watunga mitihani hawakuijali sana, vilisema kwamba vipo pia virusi vinavyoshambulia bakteria. Palikuwa na mchoro wa kichwa chenye pembe kama jiwe la kuchongwa, shingo, mkia, na miguu sita myembamba. Vijana walicheka na kusema ni chombo cha kwenda mwezini, nasi tukafungua ukurasa wa pili.

Nilipostaafu ndipo nilipopata wasaa wa kuirudia aya ile. Nami napenda nimsimulie msomaji yale niliyoyakuta, maana yanahusu maji tunayoyachota kila siku.

Habari yenyewe ni ya zamani kuliko nilivyotazamia. Mwaka 1896 Mwingereza mmoja, Ernest Hankin, aliyekuwa akifanya kazi India, aliandika kwamba maji ya mito Ganga na Yamuna yaliwaua vijidudu vya kipindupindu kwa muda wa saa chache. Aliongeza jambo lililomshangaza: maji yale yakichemshwa, nguvu ile hupotea. Hakujua ni kitu gani. Mwaka 1915 Frederick Twort wa London aliona bakteria wakiyeyuka bila sababu ya kuonekana, na mwaka 1917 Félix d'Herelle, akiwa Paris, akakipa kitu hicho jina: bakteriofaji, yaani mla-bakteria. Siku hizi wengi hufupisha wakasema faji. D'Herelle aliamini kwamba amepata dawa, na mwaka 1927 alifika India kuijaribu kwa wagonjwa wa kipindupindu.

Lakini ni wangapi majini? Hapo wataalamu walikaa gizani kwa muda mrefu, kwa sababu walizoea kuhesabu faji zile tu walizoweza kuzikuza maabara, nazo huhitaji kwanza uwe umemkuza bakteria zinayemla. Bakteria wengi wa ziwani hawakubali kufugwa. Mwaka 1989 watafiti wa Norway waliyachukua maji ya bahari na ya ziwa, wakayatazama kwa hadubini ya elektroni, wakahesabu chembe moja moja. Walikuta hadi milioni 250 katika mililita moja. Kijiko cha chai hubeba mililita 5. Msomaji na apige hesabu mwenyewe. Kwa kawaida, palipo na bakteria mmoja ziwani pana virusi kadhaa, mara nyingi hata kumi. Nao ni wadogo mno: ukizipanga faji elfu kumi za umbo la kawaida, kichwa kwa kichwa, huenda zisifike milimita moja.

Wingi huo ungenitosha kwa mshangao, lakini kilichonikalia moyoni zaidi ni tofauti zao. Zipo faji zenye mkia mrefu unaojikunja kama chemchemi na kuichoma ngozi ya bakteria. Zenye mkia mrefu ulio laini. Zenye mkia mfupi mno. Zisizo na mkia kabisa. Na nyingine ni kama uzi tu. Moja ya zile ndogo, iitwayo phiX174, ilisomwa maandishi yake ya urithi mwaka 1977, nayo ni herufi 5,386. Mwaka 2020 watafiti walitangaza faji kubwa ajabu, zilizopatikana katika mazingira mengi yakiwemo maziwa, na iliyozidi zote ina herufi zipatazo 735,000. Ni tofauti ya zaidi ya mara mia na thelathini kati ya viumbe tunavyoviita kwa jina moja! Hata koo tatu kubwa tulizozoea kuzitenga kwa kutazama mkia zilifutwa na kamati ya kimataifa ya uainishaji mwaka 2022, kwa kuwa usomaji wa herufi ulionyesha kuwa mikia inafanana bila undugu. Nilicheka peke yangu. Kumbe mkia si ukoo.

Na kila moja ina chakula chake. Faji nyingi humla bakteria wa jamii moja tu, pengine hata kabila moja ndani ya jamii hiyo, na kumpita jirani yake kana kwamba hayupo. Ndiyo maana zikawa nyingi hivi. Bakteria mmoja akistawi kupita wenziwe, faji wake nao hupata karamu, huzaana, na kumrudisha chini. Nafasi yake hushikwa na mwingine. Wale waliopasuka humwaga matumbo yao majini, na bakteria wengine hula. Ziwa halimpi mshindi muda mrefu wa kutamba. Huko Japani, katika Ziwa Mikata, ilipatikana faji inayoshambulia ule uchafu wa kijani uitwao Microcystis, unaotanda pia katika ghuba zetu. Nayo imebeba ndani yake maagizo ya kuvunja mitego ya mwanga ya mwenyeji wake. Sijui niiite ujambazi au ufundi.

Mwaka 1997, mwaka wa mvua za El Niño, kipindupindu kilienea Tanzania, nami nilimzika mwanafunzi wangu wa kidato cha pili. Alikuwa kijana wa kuuliza maswali. Kwa hiyo habari za faji na kipindupindu siwezi kuzisoma kwa ubaridi. Huko Dhaka, Bangladesh, utafiti uliotolewa mwaka 2005 ulionyesha kuwa faji za kipindupindu zikiongezeka katika maji, wagonjwa hupungua, na zikiwa chache, ugonjwa hupata njia. Nilipofika hapo nilitaka kufurahi. Ila mwaka 1996 Matthew Waldor na John Mekalanos walikuwa wamekwisha kuonyesha jambo jingine: ile sumu inayomkausha mgonjwa maji mwilini, bakteria wa kipindupindu hakuzaliwa nayo. Maagizo ya kuitengeneza aliletewa na faji, moja ya zile za umbo la uzi, iitwayo CTX. Haimuui mwenyeji wake. Huingia, hujiandika katika urithi wake, na kukaa. Bila faji hiyo, bakteria yule angekuwa mkazi wa maji asiye na makali hayo. Basi katika maji yale yale kuna faji inayomla muuaji, na faji iliyompa kisu.

Mambo haya nilimweleza jirani yangu, Mama Kulwa, jioni moja alipokuja kuazima jembe. Yeye analea wajukuu watatu, na maji yake ni ya ziwani. Alisikiliza kwa makini, kisha akauliza swali ambalo hakuna mwanafunzi wangu aliyewahi kuniuliza.

"Sasa Mwalimu, kama hao wadudu wako wanakula vijidudu, mimi nichemshe maji ya nini? Unajua mkaa unauzwaje siku hizi?"

Nilijua. Nilimwambia kwamba wale wa kipindupindu huenda wasiwepo katika dumu lake siku wanapohitajika. Kwamba anayekula kijidudu hiki hagusi cha homa ya matumbo. Na kwamba wapo miongoni mwao waletao silaha. Kuwatofautisha kwa macho haiwezekani, hata kwa hadubini yetu ya shuleni.

Akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo wazuri na wabaya wote nawachemsha."

"Wote, Mama Kulwa. Yachemke hasa."

"Haya," akasema, akalichukua jembe. Kesho yake nilimpelekea nusu gunia la mkaa, na tangu hapo tunanunua gunia kwa kuchangia, nyumba nne za mtaa wetu. Mjukuu wake mkubwa, Kulwa, huja kwangu Jumamosi kuuliza kama wale wa mkia mfupi nao wana miguu.