Jirani wa Bustani

Kila kazi ina mazungumzo yake. Wavuvi wakikutana husemezana juu ya upepo na maji. Maseremala husemezana juu ya mbao. Na watu wa bustani, popote walipo ulimwenguni, husemezana juu ya mvua, wadudu na mavuno. Mtu asiyelima akiyasikia maneno haya aghalabu huyadhani kuwa ni ya kupitisha wakati tu. Mimi nayahesabu kuwa ni sehemu ya kilimo chenyewe, sawa na kupalilia na kumwagilia maji.

Nilipata kuishi Uingereza miaka kadhaa, na huko nilikodi kiwanja kidogo cha bustani. Desturi ya viwanja hivyo ni ya zamani. Sheria ya mwaka 1908 ilizipa halmashauri wajibu wa kuwatafutia viwanja wakazi wanaovihitaji, na kiwanja kizima kwa kipimo cha desturi ni yapata meta za mraba 250. Watu hukodi kwa mwaka, wakapanda mboga za kula nyumbani mwao. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, meli zilizochukua chakula zilipokuwa zikizamishwa baharini, viwanja hivyo viliongezeka hata vikapita milioni moja. Hutengwa na vijia vyembamba vya majani. Kwa hiyo mwalimu, dereva, muuguzi na mzee aliyestaafu huwa majirani, wapende wasipende.

Mazungumzo hunoga mwishoni mwa majira ya joto, yaani Agosti na Septemba. Nchi ile haina masika na vuli kama yetu. Mavuno mengi huja kwa pamoja kabla ya baridi kuingia. Mumunye lililokuwa na urefu wa kidole Jumamosi hii huwa nene kama mkono Jumamosi ijayo. Maharagwe ya kutambaa yasipochumwa kila baada ya siku mbili tatu hukomaza mbegu, na mmea ukiisha kukomaza mbegu hulegea katika kuzaa. Majani ya vitunguu huanguka yenyewe, ikawa ishara ya kuving'oa na kuvianika. Basi kila mtu ana cha kutoa, na wa kupokea ni adimu. Nimeona mamumunye yamepangwa langoni, na kibao kando yake kikimsihi mpita njia ajichukulie bure.

Lakini maneno ya mavuno mema ni mepesi kuyasema. Nani asiyependa kusifiwa kwa boga lake? Yenye thamani zaidi ni maneno ya hasara. Siku moja bibi mmoja alileta nyanya zilizokuwa nyeusi na kuoza upande wa chini. Alikuwa amekwisha kata shauri kununua dawa ya kunyunyizia. Mzee wa kiwanja cha tatu akazigeuza mkononi, akamwuliza, "Je, bibi, maji unamwagilia kila siku?" Akajibu kuwa huja mwisho wa juma tu, na akija humwaga maji mengi. Mzee akamweleza kwamba huo si ugonjwa wa kuambukiza. Tunda limekosa madini ya kalsiamu, na mara nyingi si kwa sababu udongo hauna madini hayo, bali kwa sababu ukame unaofuatwa na gharika huyazuia yasilifikie tunda. Dawa yake ni maji ya kiasi, kwa taratibu isiyobadilika. Bibi yule aliokoa fedha zake, nami niliyesimama kando nikapata elimu bila ada.

Lipo balaa jingine ambalo kulinyamazia ni hatari kubwa. Ni ule ugonjwa wa viazi ulaya na nyanya ambao wakulima wa kwetu huuita bakajani chelewa. Huanza kwa madoa ya hudhurungi katika majani, na asubuhi yenye umande ukungu mweupe huonekana upande wa chini. Baada ya siku chache shamba zima huwa limenyauka na kunuka. Hupenda ubaridi na unyevu. Huko Uingereza wakulima huonywa kila siku mbili mfululizo zipitapo bila ya joto kushuka chini ya digrii 10, na unyevu wa hewa ukafika asilimia 90 kwa saa sita au zaidi katika kila siku moja. Chembe zake huchukuliwa na upepo, na upepo haujui mpaka wa kiwanja.

Ugonjwa huo uliwahi kuangamiza watu. Mwaka 1845 ulienea Ubelgiji na Uingereza, na tarehe 13 Septemba gazeti la watu wa bustani lililoitwa Gardeners' Chronicle, lililohaririwa na John Lindley, likatangaza kuwa umeingia Ayalandi. Maskini wa nchi hiyo walikuwa wakiishi kwa viazi karibu peke yake. Katika miaka iliyofuata yapata watu milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi, na wengine zaidi ya milioni moja wakahama, ilhali nafaka iliendelea kusafirishwa kwenda nje.

Wakati huo watu wa bustani walibishana sana juu ya chanzo. Lindley alidhani kuwa viazi vimekunywa maji kupita kiasi kwa sababu ya mvua. Kasisi Miles Joseph Berkeley alishika kuwa ukungu ule mdogo ndio mwuaji, na mwaka 1846 akaandika hoja zake. Ilipofika mwaka 1861, Mjerumani Anton de Bary alithibitisha kwa majaribio kuwa Berkeley alisema kweli. Basi mazungumzo peke yake hayatoshi. Yapasa yapimwe kwa majaribio. Lakini pasipo watu kuonyeshana majani yao yaliyooza, kungekuwa na kitu gani cha kupima?

Yule mzee wa nyanya ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona madoa katika viazi vyake, mwaka mmoja wa mvua nyingi. Angaliweza kunyamaza, maana kiwanja chake kilisifiwa kuliko vyote, na sifa ni tamu. Hakunyamaza. Alipita kiwanja kwa kiwanja akisema, "Jirani, umenifikia, tazama vyako." Jioni ile ile tulikata mashina ya viazi hata usawa wa ardhi, tukayaondoa, tukaviacha viazi udongoni zaidi ya majuma mawili ili ngozi iwe ngumu na chembe zilizo juu ya ardhi zife. Nyanya zilituponyoka, lakini viazi vingi vilipona. Waliochelewa kupata habari walichimba uvundo.

Wahenga walisema, "Mficha maradhi, kifo humuumbua." Katika bustani neno hili lina ukali zaidi, kwa kuwa mficha maradhi haumbuki peke yake, bali huwaangamiza na wasiokuwa na habari. Kwetu Kenya viazi ni chakula cha pili kwa mahindi, na ugonjwa ule ule huvizia mashamba ya Nyandarua na Meru kila mvua na ubaridi vikutanapo. Mashamba mengi huko ni madogo, yanapakana, na kile kinachoota kwa jirani leo chaweza kuwa kwako kesho.

Kwa hiyo, msomaji, ukiwakuta wazee wameegemea majembe yao wakizungumza, usiwahesabu kuwa ni wavivu. Yamkini mmoja anakiri kuwa kabichi zake zimeliwa na viwavi, na mwenzake anamweleza alivyojikinga. Mkulima hupalilia shamba lake kwa jembe, na hulinda la mwenzake kwa ulimi wa kweli. Anayetaja mavuno yake hujipatia sifa. Anayetaja hasara yake mapema huwapatia wengine chakula.