Usikubali Wafomati, Mpendwa

Leo naongea na wewe unayetunza kompyuta ya ofisi, ya shule au ya kanisa, ile yenye diski mbili pacha: kinachoandikwa kwenye moja kinaandikwa kwenye nyingine.

Diski zilizeeka. Ukabadilisha ya kwanza, ukangoja data inakiliwe yote. Ukabadilisha ya pili, ukangoja tena. Kisha ukazima mashine, ukaiwasha, na skrini ikabaki nyeusi. Rekodi za miaka ziko humo, na fundi anakwambia, "Wacha tufomati tuanze upya."

Nakusihi, mwambie angoje!

Sikiliza kilichotokea. Kwenye Linux, mara nyingi kinachonakiliwa ni zile sehemu za diski ulizofanya pacha, wala si diski nzima. Programu inayoamsha mfumo inaitwa GRUB, na kwenye mashine za BIOS mwanzo wake hukaa katika baiti 512 za kwanza za diski, nje ya sehemu hizo. Kwa hiyo diski mpya zimepokea kila faili, lakini mwamshaji aliondoka na diski za zamani. Nyumba iko sawa, watu wamelala ndani. Hakuna wa kuwaamsha tu.

Basi washa mashine kwa fleshi yenye Linux. Unganisha pacha wako kwa mdadm --assemble --scan, fungua mfumo wako, uone faili kwa macho yako mwenyewe. (Hapo wengine hulia, na siwalaumu.) Nakili zile muhimu kwenye diski ya nje kwanza, kwa sababu pacha si akiba: ukifuta huku, kumefutika na kule.

Kisha unganisha /dev, /proc na /sys, ingia kwa chroot, uendeshe grub-install kwenye diski ya kwanza. Halafu kwenye ya pili. Zote mbili, mpendwa! Wengi huweka kwenye moja, wakashangilia, na siku hiyo moja ikifa wanarudi kwenye kilio kilekile. Kwa Debian na Ubuntu, malizia na update-grub.

Mashine ya UEFI ni tofauti kidogo. Mwamshaji wake hukaa kwenye sehemu ndogo ya FAT, ambayo kwa kawaida haimo kwenye pacha. Itengeneze kwa kila diski.

Ukimaliza chomoa fleshi, uwashe kwa diski ya kwanza, kisha uchague ya pili, uone kama nayo inaamka.

Unamjua mtu ambaye fundi wake yuko karibu kufomati? Mtumie ujumbe huu sasa hivi.