Nauli ya Dada Yangu

Mhariri aliniomba niandike juu ya vijana na safari za ng'ambo, nami nikakubali upesi kwa kuwa nilidhani nayajua mambo hayo. Lakini mimi sijapata kuvuka mpaka wa nchi yetu, wala sijapanda ndege. Ninachokijua ni habari ya safari moja ambayo haikufanyika.

Wasomaji waliokuwapo hapa shuleni mwaka 2023 watamkumbuka yule kijana Mjerumani wa miaka 19, aliyekaa mwaka mzima katika karakana ya useremala iliyo jirani nasi. Tulimwita Bwana Randa, maana kila ubao alioupiga randa ulitoka mwembamba upande mmoja. Jumamosi alikuja kucheza mpira nasi. Wengi wetu tulidhani ni mtoto wa tajiri, hata siku moja nikamwuliza waziwazi, "Nani alikulipia nauli?" Nyumbani kwetu swali la namna hiyo kwa mgeni ni utovu wa adabu, lakini yeye hakukasirika. Alinieleza kuwa upo mpango uitwao weltwärts, ulioanzishwa mwaka 2008 na Wizara ya Maendeleo ya kwao, wa kuwapeleka vijana wa miaka 18 hadi 28 wakakae na kufanya kazi katika nchi kama yetu. Serikali yao hutoa hadi asilimia 75 ya gharama. Zinazobaki hutafutwa na chama kinachompeleka kijana, naye Bwana Randa alikuwa amewaandikia shangazi zake na majirani kuwaomba mchango. Kumbe hata Ulaya watu huchangishana kama sisi tunapokaribia harusi!

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Bwana Frank-Walter Steinmeier, alifika hapa Songea. Alikutana na wajukuu wa Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 katika Vita vya Maji Maji, akaomba msamaha kwa yale waliyotendewa wazee wetu. Jioni ile Bwana Randa hakucheza mpira. Alikaa nasi nje ya bweni akasema kwamba shuleni kwao habari za Maji Maji alizisikia kidogo mno, na kwamba jina la Songea alilijua kama jina la mji tu. Nadhani kwa jioni ile moja fedha za serikali yao zilikuwa zimekwisha fanya kazi yake. Babu yangu, ambaye mpaka leo huwaita Wadachi, alipopata habari hiyo aliuliza tu, "Na ninyi mtakwenda kwao lini?"

Swali la babu lilikuwa na jibu. Tangu mwaka 2013 mpango huo umefungua na njia ya pili, vijana wa kwetu nao waende Ujerumani kwa mwaka mmoja, wakafanye kazi katika shule za watoto wadogo, nyumba za wazee na mahali pengine kama hapo. Nafasi zake ni chache kuliko za wanaokuja huku, lakini zipo. Dada yangu, aliyekuwa na umri wa miaka 22 na akisaidia kufundisha watoto wa chekechea kwetu Mbinga, alikuja kunitazama shuleni, akazisikia habari hizo, akaomba. Mwezi wa Januari 2024 akachaguliwa. Mama alipiga vigelegele mpaka kuku wakatawanyika.

Nauli ya ndege ingelipwa. Chakula, malazi na fedha kidogo za mfukoni vingelipwa. Sharti lilikuwa moja: awe na pasipoti mkononi kabla ya mwisho wa Aprili, ili apate kwenda Dar es Salaam kuomba viza ubalozini.

Pasipoti ni Sh. 150,000. Kwetu fedha ni kahawa, na kahawa huanza kuvunwa karibu na Juni, malipo yakafuata baadaye. Mwezi wa Februari mkulima wa Mbinga ana miti ya kijani na mfuko mtupu. Fedha za msimu uliopita zilikwisha kuwa mbolea na bati za nyumba. Mama alikopa kwenye kikundi chao cha kina mama, akalipa riba ambayo mimi sikuambiwa mpaka mwaka jana. Hata hivyo fedha hazikuwa tatizo kubwa. Ilitakiwa hati ya kuzaliwa ya dada, na hati ya baba vilevile. Baba alizaliwa shambani na hati hana, basi ikabidi ale kiapo mbele ya wakili. Halafu ikaonekana kuwa katika hati ya dada jina la baba limekosewa herufi moja. Kwa ajili ya herufi hiyo dada alisafiri kutoka kijijini mara nne, akaenda ofisi moja ambayo sitaitaja, akaambiwa njoo Jumatatu, njoo wiki ijayo, mhusika yuko semina. Mara mbili alilala kwa watu. Kila safari ni nauli ya basi, nayo hakuna serikali iliyoiandika katika mpango wake.

Pasipoti ilitoka katikati ya Mei. Nafasi alikwisha pewa mwingine, na wala siwalaumu waliompa.

Muhula uliopita katika mdahalo tulijadili kama serikali yetu itoe fedha kwa safari za vijana. Nilisema itoe. Nikataja Ufaransa na Ujerumani, nchi zilizopigana mara tatu katika miaka 70: mwaka 1963 ziliunda ofisi ya pamoja ya vijana, kila serikali ikatia fungu sawa, na tangu hapo vijana zaidi ya milioni 9 wametembeleana. Pale hakuna mwenyeji wa daima wala mgeni wa daima. Rafiki yangu wa upande wa pili alisimama akauliza, "Mheshimiwa Mwenyekiti, kwa pasipoti kumi tungepata madawati mangapi?" Ukumbi ukalipuka kwa makofi, na kura tukashindwa. Ni swali zuri, nami ninalalia kitanda ambacho ubao wake mmoja ni wa kuazima, kwa hiyo nalielewa. Lakini mimi sikuomba ndege. Anayetualika amekwisha kulipa ndege. Nilikuwa nikiomba kipande kile kutoka kijijini mpaka mlango wa ofisi, na karani wa kuisahihisha herufi siku ileile. Hilo sikuweza kulisema vizuri siku ile, kwa sababu koo lilinikauka.

Pasipoti ya dada ni ya miaka kumi. Ameifunga ndani ya kanga, imo sandukuni, nayo haina hata mhuri mmoja. Ataomba tena, maana miaka 28 bado.

Likizo iliyopita nilimwomba baba anionyeshe ile karatasi ya kiapo. Ipo, haijaliwa na mchwa. Nikatazama na hati yangu ya kuzaliwa: jina la baba limeandikwa sawasawa. Mwezi wa Machi nitatimiza miaka 18. Zimebaki Sh. 150,000.